TUMEMCHANGIA, JE, TUMEMTUNZA?

Haki ya mgonjwa wa moyo kabla na baada ya upasuaji



Ni nani kati yetu asiyelijua tangazo lile linalosomwa baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho? Mtoto wa familia fulani anaumwa moyo. Madaktari wamesema hana budi kufanyiwa upasuaji. Fedha zinazotakiwa zimeushinda uwezo wa wazazi. Basi kikapu kinapitishwa, jumuiya ndogo ndogo zinapangiwa viwango, kwaya inaandaa tamasha, na mama mjane analeta jogoo wake apigwe mnada mbele ya kanisa. Tumefanya hivyo mara nyingi, na ni jambo jema. Watu wapo hai leo kwa sababu ya vikapu vile.

Katika kijarida hiki tunataka kuzungumzia kile kinachofuata baada ya kikapu. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita parokia yetu ilimchangia binti wa miaka kumi na tisa. Mlango mmoja wa moyo wake, yaani valvu, ulikuwa umeharibiwa na homa ya utotoni. Alisafirishwa mjini, akapasuliwa, akawekewa valvu ya bandia. Alirudi akitembea kwa miguu yake, yeye ambaye alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu za kanisa bila kusimama kuvuta pumzi. Tulifanya Misa ya shukrani. Mhasibu akasoma mapato na matumizi, tukapiga makofi, tukafunga daftari.

Hakuna aliyeuliza juu ya dawa. Binti yule aliagizwa kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake, na kupimwa damu mara kwa mara ili kipimo cha dawa kirekebishwe. Wilayani kwake kipimo hicho hakikuwepo. Nauli ya kwenda na kurudi hospitali kubwa ilizidi mapato ya mama yake ya mwezi. Zahanati haikuwa na dawa. Mwaka wa kwanza alijitahidi. Mwaka wa pili akaanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku mbili, ili chupa idumu. Asubuhi moja alishindwa kuinua kikombe cha uji. Bonge la damu lilikuwa limejijenga kwenye valvu, kipande kikapanda kichwani. Leo mkono wake wa kulia haushiki jembe, na maneno humtoka kwa shida. Hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Valvu tuliyomnunulia haikuwa na kasoro, na madaktari waliifanya kazi yao vizuri. Sisi ndio tuliofunga daftari mapema.

TUONE HALI ILIVYO

Ugonjwa uliomharibia binti yule moyo huanzia kooni. Mtoto wa umri wa kwenda shule hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria wa aina fulani. Asipotibiwa, na hasa yakimrudia mara kwa mara, mwili wake wenyewe huweza kuugeukia moyo: viungo vinavimba na kuuma, homa inapanda, kisha inaonekana kama imekwisha. Lakini valvu za moyo zimekwisha kujeruhiwa, na jeraha hilo huendelea kukomaa kimyakimya kwa miaka. Madaktari huita ugonjwa huo ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 wanaishi nao, na kwamba unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka. Katika nchi tajiri umekuwa nadra, kwa kuwa nyumba hazina msongamano na koo la mtoto hutibiwa mapema. Kwa hiyo hatukosei tukiuita ugonjwa wa umaskini.

Valvu ikiisha kuharibika sana, dawa peke yake haitoshi. Hapo ndipo upasuaji unapohitajika, nasi hatuna budi kufahamu upasuaji huo ni kitu gani.

Moyo hauwezi kushonwa kwa utulivu huku unapiga na kujaa damu. Kwa hiyo madaktari huusimamisha, na damu ya mgonjwa hupitishwa katika mirija hadi kwenye mashine iliyo kando ya kitanda. Mashine hiyo huisafisha hewa chafu, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Kwa saa moja, mbili au zaidi, mashine ndiyo moyo, na mashine ndiyo mapafu. Aliyefaulu kwanza kuitumia kwa binadamu ni daktari John Gibbon, huko Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Msichana wa miaka 18 aliyezibwa tundu moyoni alipona. Lakini tusisahau sehemu ya pili ya habari hiyo. Wagonjwa wake waliofuata, ambao walikuwa watoto wadogo, walifariki, naye Gibbon akaisimamisha kazi hiyo. Mtu aliyeitumikia mashine ile kwa karibu miaka ishirini alikuwa na unyofu wa kusema: bado.

Tangu wakati huo maarifa yamepiga hatua kubwa, na katika vituo vyenye uzoefu wagonjwa walio wengi hutoka hospitalini wakiwa hai. Hata hivyo mwili hulipa gharama yake. Damu inayopita kwenye mirija ya plastiki hutaka kuganda, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuizuia. Na kwa sababu ya dawa hiyo anaweza kuvuja damu kiasi cha kufunguliwa kifua kwa mara ya pili. Figo huweza kudhoofika. Kipande kidogo cha damu iliyoganda huweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kidonda cha kifua huweza kuingia vijidudu. Takribani wagonjwa 3 kati ya 10 hupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio katika siku za kwanza. Wazee wengine huamka wamechanganyikiwa, hawatambui watoto wao, kisha fahamu hurudi polepole. Mfupa wa kifua uliopasuliwa huhitaji wiki 6 hadi 12 kuungana. Mama aliyetoka kupasuliwa asibebe ndoo ya maji wala asishike jembe, hata kama anajisikia ana nguvu. Haya yote si siri za madaktari. Familia inayaelewa vizuri pindi ikielezwa kwa lugha yake.

Wakati mwingine moyo ukiisha kushonwa hukataa kuanza kazi, au mapafu hushindwa. Katika hospitali chache za dunia, mgonjwa wa namna hiyo huunganishwa na mashine nyingine ya jamii ile ile, ambayo huweza kumbeba kwa siku au hata majuma kadhaa. Madaktari huiita ECMO. Mwaka 1975, huko California, daktari Robert Bartlett aliitumia kuokoa mtoto mchanga ambaye wauguzi walimpa jina la Esperanza, yaani Tumaini. Wakati wa janga la UVIKO-19 wengi walilisikia jina la mashine hii kwa mara ya kwanza. Haiponyi ugonjwa. Kazi yake ni kununua muda ili moyo au mapafu yapumzike. Watoto wachanga wenye shida ya mapafu wanaofikishwa kwenye mashine hiyo hupona kwa wingi, takribani 3 kati ya 4. Lakini kwa watu wazima ambao moyo umeshindwa, wanaotoka hospitalini wakiwa hai hawafiki nusu. Kuvuja damu, kiharusi, figo kufa, mguu kukosa damu kwa sababu ya mirija iliyoingizwa pajani: hayo ni mambo ya kawaida katika chumba kile.

Na ni nani anayefika kwenye meza ya upasuaji? Inakadiriwa kwamba watu wapatao bilioni 6 duniani hawana njia ya kupata upasuaji wa moyo ulio salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Nchini Tanzania upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa kwenda India. Hiyo ni hatua ya kushangiliwa, nasi tunaishangilia. Lakini kadiri watu wetu wengi wanavyopasuliwa, ndivyo idadi ya wanaorudi vijijini wakiwa na valvu ya bandia inavyoongezeka. Je, vijiji hivyo viko tayari kuwapokea?

TUPAMBANUE

Sisi tunaona kwamba mgonjwa wa moyo anadai haki tatu. Si sadaka wala upendeleo, ni haki.

Haki ya kwanza ni kuambiwa ukweli. Ni mara ngapi mzazi ameweka dole gumba kwenye fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza, huku akiambiwa tu, "Weka hapa, mama, daktari anasubiri"? Anastahili kuelezwa kwa lugha anayoifahamu hatari iliyopo, na yatakayotakiwa baadaye. Hasa aelezwe juu ya uchaguzi wa valvu, maana kuchagua valvu ni kuchagua namna ya kuishi. Mahali inapowezekana, ni afadhali valvu ya mgonjwa mwenyewe itengenezwe. Isipowezekana, zipo njia mbili. Valvu iliyotengenezwa kiwandani hudumu miaka mingi, lakini inadai dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo huitwa warfarini, hadi siku ya kufa. Valvu iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama haidai dawa hiyo kwa muda mrefu kiasi hicho, lakini kwa kijana huchakaa mapema, naye atahitaji kupasuliwa tena.

Kwa mwanamke kijana jambo hili ni zito zaidi. Warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Akiiacha bila uangalizi, valvu huweza kuziba na mama akafa. Binti anayeishi mbali na kipimo, na anayetazamia kuolewa na kuzaa, anastahili kuulizwa kabla, na siyo kujulishwa baadaye. Binti yetu hakuulizwa. Nasi tuliomchangia hatukujua kwamba kulikuwa na swali la kuuliza.

Haki ya pili ni matokeo kuhesabiwa na kutangazwa. Huko Bristol, Uingereza, katika miaka ya 1980 na 1990, watoto waliopasuliwa moyo katika hospitali kuu ya mji huo walikufa kwa wingi kuliko ilivyopasa. Daktari mmoja wa nusukaputi, Stephen Bolsin, alianza kuhesabu mwenyewe. Alipopaza sauti hakusikilizwa, na baadaye alihamia Australia. Uchunguzi wa wazi ulioongozwa na Profesa Ian Kennedy ulitoa taarifa yake mwaka 2001: kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja wapatao 30 hadi 35 walikufa zaidi ya ambao wangetazamiwa kufa katika kituo cha kawaida. Wale madaktari hawakuwa wauaji. Walikuwa watu wenye bidii katika nyumba ambayo haikutaka kujitazama kwenye kioo. Ikiwa jambo hilo lilitokea katika nchi yenye mali na magazeti mengi, sisi tunapata wapi ujasiri wa kudhani kwamba mahali pengine halitokei?

Hesabu nayo ina mtego wake. Kituo kikipimwa kwa idadi ya vifo peke yake, madaktari wataanza kuwakataa wagonjwa walio mahututi ili hesabu ionekane safi. Na walio mahututi kwa kawaida ni maskini, ambao wamechelewa kufika. Kwa sababu hiyo hesabu ya haki hupima pia uzito wa ugonjwa ambao mgonjwa alikuja nao.

Kuna mtego mwingine ambao kwetu ni mkubwa kuliko huo. Desturi ya vituo vingi ni kuhesabu siku 30: mgonjwa akiwa hai baada ya siku 30, upasuaji umefaulu. Katika daftari la siku 30, binti yetu ni ushindi. Alama ya vema imewekwa mbele ya jina lake, na itabaki hapo. Kiharusi chake hakimo katika daftari lolote, la hospitali wala la parokia.

Haki ya tatu ni matunzo ya baadaye, na hapa ndipo penye kilio chetu. Utafiti uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au pungufu, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika muda wa miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walifariki. Katika nchi zilizo maskini zaidi walifariki karibu 21 katika kila 100. Katika zile zenye afadhali, kati ya 12 na 13. Ugonjwa ni ule ule. Kilichotofautiana ni nchi aliyozaliwa mgonjwa. Na miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda, takribani 3 tu kati ya 10 ndio ambao kipimo cha damu yao kilikuwa mahali panapotakiwa. Waliosalia ama damu yao ilikuwa nzito mno, wakaelekea kwenye kiharusi, ama nyepesi mno, wakaelekea kwenye kuvuja damu.

Kipimo hicho huitwa INR. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha mkononi ambacho kwa tone moja la damu ya kidole hutoa jibu kwa dakika chache. Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo, lakini zisitudanganye. Mwaka 2012 jaribio la mojawapo kwa watu wenye valvu za kiwandani lilisimamishwa kwa sababu lilileta madhara zaidi ya warfarini. Mwaka 2022 utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio, ulionyesha tena kwamba dawa ya zamani ilikuwa bora kuliko ile mpya. Kwa hiyo ndugu zetu wenye valvu za kiwandani hawana njia ya mkato. Wanahitaji kidonge cha bei nafuu na tone la damu, maisha yao yote.

Amani nayo ni sehemu ya dawa. Mjini Khartoum, shirika la Kiitaliano la EMERGENCY lilifungua Kituo cha Salam mwaka 2007, kikawapasua bila malipo maelfu ya wagonjwa wa moyo kutoka Sudan na nchi nyingine nyingi za Afrika. Mwezi Aprili 2023 vita vilianza katika mji huo, na watu kwa mamilioni wakakimbia. Mtu mwenye valvu ya bandia anapokimbia risasi anaiacha nyumba, shamba na pia kliniki yake. Bonge la damu halijali kama mtu yuko kambini au kwake. Watu wa namna hiyo huuawa na vita bila kuguswa na risasi, na hakuna anayewahesabu.

Wapo watakaotuuliza: kama ndivyo, kwa nini tusiache kabisa kuchangia upasuaji, fedha zote tukazitumia kutibu makoo ya watoto? Swali hilo lina akili, lakini hatulikubali. Mtoto ambaye valvu yake imekwisha kuharibika hawezi kuambiwa arudi utotoni akaanze upya. Tuzuie, na tuponye pia. Tunachokataa ni mpangilio uliopinduka, yaani mji mkuu kuota mashine za kubeba moyo kwa majuma mawili, wakati mji wa wilaya hauna kipimo cha tone moja. Mashine kubwa zitakuja, na zikija zisidharauliwe. Lakini kwanza kidonge kifike kwa yule ambaye tumekwisha kumpasua.

Tuseme neno pia kwa familia ambayo mpendwa wao yumo katika chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa ameunganishwa na mashine, na madaktari wanasema hakuna tumaini tena. Wengine huogopa kwamba kukubali mashine izimwe ni kuua. Mwaka 1957, tarehe 24 Novemba, Papa Pio XII aliwafundisha madaktari wa nusukaputi kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida, zilizo mzigo mzito, ili kurefusha uhai. Na hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa hadi leo. Kukubali kwamba mtu anakufa si kumuua. Jambo la haki ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kuelezwa ukweli, bila kusukumwa na deni la hospitali wala na haraka ya mtu yeyote.

Tumkumbuke Msamaria Mwema. Mahubiri mengi huishia pale alipofunga majeraha na kumwaga mafuta na divai. Lakini habari yake haiishii hapo. Alimpandisha mgonjwa kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule. Kesho yake akamwachia mwenye nyumba fedha, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Hiyo ahadi ya kurudi ndiyo tuliyoisahau sisi. Tulifunga majeraha, tukaondoka tukiimba.

TUTENDE

Tunapendekeza mambo yafuatayo, na viongozi wa halmashauri ya walei wayajadili katika kikao chao kijacho.

1. Kabla ya kutangaza mchango wowote wa upasuaji, kamati iulize hospitali kwa maandishi: Mgonjwa atahitaji nini katika miaka mitatu ya kwanza? Dawa gani, vipimo vingapi, nauli kiasi gani? Gharama hiyo ihesabiwe ndani ya mchango tangu mwanzo, na itunzwe katika mfuko wake. Mchango usio na fungu hilo haujakamilika, hata kama bili ya upasuaji imelipwa yote.

2. Kila aliyepasuliwa awe na msimamizi mmoja katika jumuiya yake, kama vile mtoto wa ubatizo alivyo na msimamizi wake. Huyo ajue tarehe za kliniki na siku ambayo dawa itakwisha. Azifahamu dalili za hatari: damu kutoka puani au kwenye fizi bila kukoma, kinyesi cheusi kama lami, pumzi kukatika, homa isiyoisha, udhaifu wa upande mmoja, au mlio wa valvu kufifia na kupotea. Akiona mojawapo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Ajue kwamba anayemeza warfarini hanunui dawa za maumivu dukani wala hanywi mitishamba bila kumwuliza daktari. Mchicha na kisamvu vinaliwa, ila kwa kiasi kile kile kila juma. Tena anayetaka kung'olewa jino amwambie daktari wa meno mapema kwamba ana valvu ya bandia.

3. Walimu wa Utoto Mtakatifu, makatekista na akina mama wasilipuuze koo la mtoto. Lichunguzwe katika zahanati, na likithibitika kuwa la bakteria, dawa imezwe hadi mwisho. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki asikose sindano yake ya penisilini ya kila majuma matatu au manne. Upasuaji wenyewe haumwondolei hitaji la sindano hiyo. Kaskazini mwa Uganda watoto 818 ambao kipimo cha picha kiligundua dalili za mwanzo walifuatiliwa kwa miaka miwili. Kati ya waliopata sindano, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 katika 399. Kati ya wasiopata, kwa 33 katika 400. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Sindano hiyo ni ya bei nafuu, na kila moja ni mchango mkubwa ambao hatutalazimika kuuitisha.

4. Tuwe sauti. Mwezi Mei 2018 mataifa ya dunia yalipitisha azimio katika Mkutano Mkuu wa Afya, yakiahidi kupambana na ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tuwaulize madiwani na wabunge wetu, kwa adabu na bila kuchoka: Je, kipimo cha INR kitafika katika hospitali ya wilaya yetu? Je, bima hiyo inamlipia aliyepasuliwa dawa na vipimo vya maisha yake? Je, fomu ya idhini iko kwa Kiswahili? Na vituo vya upasuaji vitatutangazia lini matokeo ya mwaka mmoja na ya miaka mitano, badala ya yale ya siku 30?

5. Tuanze na madeni yetu. Kila parokia ifungue tena madaftari ya michango ya zamani, iwatafute waliopasuliwa mmoja mmoja, na kuuliza wako wapi, wanakunywa nini, walipimwa lini. Sisi tumeanza. Binti yetu sasa anapelekwa kliniki kwa gari la parokia, na dawa yake inanunuliwa kila mwezi kutoka mfuko wa tume. Mkono wake haujarudi, wala hatumwahidi kwamba utarudi. Tulipomwendea kumwomba radhi alinyamaza kitambo, kisha akatamka neno moja kwa taabu: "Karibuni." Hatujui kama lilikuwa msamaha, au ni heshima tu ya binti aliyelelewa vema. Tumelichukua kama wajibu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

(a) Katika jumuiya yetu ni nani aliyewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa kwa mchango wetu? Tulimtembelea lini mara ya mwisho?

(b) Hospitali ya karibu yenye kipimo cha INR iko wapi, na nauli yake ni kiasi gani?

(c) Mtoto akiumwa koo nyumbani kwetu, huwa tunafanya nini? Tunasubiri siku ngapi?

(d) Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu itamwandikia diwani wake kabla ya mwezi huu kwisha?